Siku Niliyokwenda Kujitambulisha Nikipiga Mluzi

Hadi leo mtu akipiga mluzi nyuma yangu, hata kama ni utingo tu anamwelekeza dereva arudi nyuma, masikio yangu yanawaka moto na macho yanatafuta ardhi. Msinionee huruma. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka, ingawa ilinichukua muda, maana aibu hii sikuipata gizani wala mahali nisipojulikana. Niliipata alasiri, jua linawaka, nimechomekea shati, nimejipaka mafuta hadi kwenye viwiko, mbele ya ukoo mzima wa mwanamke niliyetaka kumuoa. Na chanzo chake (hapa ndipo mtakapocheka zaidi) ni kwamba nilikuwa najituliza mawazo.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu na mimi mwenyewe nilitoka mbali. Kazi yangu ni kuchora mabango na kupaka rangi kuta za maduka. Nilitoka Masasi na begi moja la nguo na ndoo ya brashi, nikaishi mji huu na ule, mwisho nikafikia Dar es Salaam kwa binamu yangu, nikakaa mpaka mkewe akaanza kuniuliza kama kwetu mvua zimeshaanza na kama sina shamba la kuwahi, nikaelewa, nikapanda treni ya reli ya kati, ile ya zamani inayosimama kila mahali. Pale Kintinku ilisimama mpaka tukazoeana na kina mama wauza mayai ya kuchemsha, wakawa wanatuita kwa majina dirishani, na hakuna aliyetuambia tunasubiri nini. Nikashuka Manyoni, nikapanda basi hadi Singida mjini, na kutoka mjini nikapata lori lililokuwa likifuata vitunguu, nikakaa juu kabisa, na upepo wa kule (asiyeujua upepo wa Singida asibishane na mimi) ukanivua kofia, nikaiona inakwenda zake porini kama kitu chenye safari yake. Ndivyo nilivyoingia Mtinko, kichwa wazi.

Aliyeniita huko kwa kazi alikuwa na ghala la alizeti na alitaka ukuta mzima uchorwe maua. Nilipofika nikakuta ghala limeshauzwa na mwenye nalo mpya hataki maua, anataka chokaa nyeupe, na chokaa ameshapaka mwenyewe. Mtu mwingine angegeuza siku hiyo hiyo. Mimi nina miaka arobaini na kitu, nimeishi Tunduru, nimeishi Kilosa, nimeishi Mpanda, na kote huko sikuwahi kugeuza. Huwa nasonga mbele tu, kisha usiku nalala nikipakumbuka nilipotoka, harufu ya korosho za kwetu, sauti ya mvua ya Kilosa kwenye mabati, lakini kurudi, sirudi. Nikapanga chumba kwa Mzee Omari, mkulima wa vitunguu, nyumba iliyo karibu na kisima cha mifugo, nikaanza kuchora saluni na vibanda vya soda. Bucha ya sokoni walinipa kazi ya kuchora ng'ombe ukutani, nikamchora kwa bidii zangu zote, na kwa muda wateja wakawa wanamuuliza mwenye bucha kama ile nyama ni ya mbwa. Kwetu ng'ombe si wengi. Nawaambieni mapema ili mjue: mimi ng'ombe nilikuwa namjua kwa rangi tu.

Zaituni alikuja kutaka bango la kuuzia mafuta ya alizeti. Alikuwa mjane, wa umri wa kunielewa, na alisimama nyuma yangu nikichora mpaka nikachovya brashi kwenye rangi isiyo yake.

"Fundi," akasema, "hiyo alizeti yako mbona imenuna?"

"Imenuna vipi, na yenyewe ni ua?"

"Alizeti inaangalia jua. Yako inaangalia chini kama inadaiwa."

Nikaifuta, nikaichora upya. Akaja kesho yake akasema hii sasa inacheka mno, watu watadhani mafuta yana kilevi. Nikaichora mara ya tatu, na ya tatu hiyo nilikuwa nachora polepole makusudi ili asiondoke. Kufikia bango linakauka nilikuwa nimeshamuuliza kama atakubali kuolewa nami, naye akanijibu bila kuniangalia: "Mimi nina baba. Kaongee na watu wenye midomo waende kwake."

Baba yake ni Mzee Nkuwi. Mzee wa maneno machache, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule, mtu ambaye ukimpa shikamoo anakuangalia kwanza, anafikiri, ndipo anakujibu marahaba. Nilimtuma Mzee Omari awe mshenga wangu, akaenda, akarudi, akasema wamekubali kuniona. "Jumamosi ijayo ile nyingine, alasiri. Mahari si siku hiyo. Siku hiyo ni kuonwa sura tu na kuulizwa kwenu wapi."

Kuonwa sura tu! Ndugu zangu, tangu siku hiyo usingizi ulinihama. Nilikuwa naamka nawaza: wakiniuliza nina nini, nitasema nina brashi? Wakiniuliza nitakaa, au nitaondoka kama nilivyoondoka kwingine, nitajibu nini? Moyo ukawa unanidunda hadi nausikia kwenye mto. Nikaenda zahanati. Nesi, mwanamke mnene mwenye kauli ya kukata, akanifunga kile kitambaa cha mkononi, akakijaza upepo, akatazama.

"Presha imepanda kidogo. Haijafika pa kukupa vidonge. Una mawazo gani, kaka?"

"Nataka kuoa."

"Hilo si ugonjwa."

"Kwa Mzee Nkuwi."

Akanifungua kile kitambaa. "Aaa," akasema, "basi ngoja nikuelekeze vizuri."

Akanielekeza, na kwa haki yake niseme kwamba kila alichosema kilikuwa kweli na hakikunigharimu kitu. Jioni nitembee, na simu niiache nyumbani. Nikitembea nivute pumzi taratibu kwa pua, niitoe taratibu kwa mdomo. Nipunguze chai ya usiku. Kabla ya kulala niloweke miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nisikae na jambo peke yangu, niongee na watu. "Na kama unaweza kuimba, imba," akamalizia. "Huwezi, piga mluzi. Mtu anayepiga mluzi hawezi kuwa amekunja uso."

Nikaanza siku ile ile. Mke wa Mzee Omari akanikuta uani nimetumbukiza miguu kwenye beseni naongeza chumvi. "Fundi," akauliza, "hiyo miguu unailoweka au unaiunga?" Kuongea na watu, nilianza na Mzee Omari, nikamweleza wasiwasi wangu, naye akafurahi kupata msikilizaji, akanieleza vitunguu vyake vilivyooza ghalani, na deni la mbolea, na mkwe wake wa Unyambwa asiyemsalimia, nikaingia na mzigo mmoja nikatoka na minne. Kuimba nilijaribu mara moja tu, jirani akachungulia ukutani akauliza kwa upole kama kuna msiba. Basi nikabaki na kutembea, kupumua na mluzi, na nawaambia ukweli, baada ya siku chache nililala. Nililala kama mtoto.

Sasa mluzi wenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nikisikia kisimani wachungaji wakipiga miluzi, kila mmoja wake, na kuna mmoja ulinikaa kichwani kuliko yote: unaanza chini kwa vipande vitatu vifupi, unapanda, unaning'inia juu, kisha unashuka taratibu kama maji yanayomiminwa. Ulinikumbusha kitu cha utotoni ambacho hata sikijui ni kipi. Nikaushika. Nikawa natembea nao jioni kwenye njia ya mashambani, na ng'ombe wakiwa wameshakunywa na kulala zizini mwao, hapakuwa na tatizo lolote. Mara moja tu nilipita karibu na zizi, ng'ombe mmoja mwenye madoa na pembe iliyopinda akainua kichwa akaniangalia mpaka nikapotea. Nilidhani ananiheshimu.

Kumbe (hili kila mtu Mtinko analijua, kuanzia mtoto wa kunyonya, ila hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu mzima wa kuambiwa) kila mfugaji ana mluzi wake wa kunyweshea. Makundi yanasubiri zamu kisimani, mchungaji akipiga wa kwake, ng'ombe wake wanajitenga na wengine, wanakuja kwenye birika la kunyweshea, na anaendelea kuupiga taratibu wanapokunywa. Ng'ombe anayejua mluzi wake, ukiupiga, yeye haoni mtu. Anaona maji.

Jumamosi ikafika. Mzee Omari alitangulia asubuhi kwenda kuketi na wazee wenzake, akaniachia maagizo: nije alasiri, peke yangu, nitembee kwa utulivu. "Na usiwe unageuka geuka nyuma njiani," akaniambia. "Anayekwenda ukweni akigeuka nyuma, watu wanaomwona wanasema huyu anatafuta pa kukimbilia." Nikamwambia kwenye suala la kutogeuka nyuma amempata mtu.

Nikatoka. Kulikuwa kumekauka, mtama umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu, upepo unavuma usoni unanipigia makelele masikioni. Nusu ya njia moyo ukaanza ule mdundo wake. Nikaona kundi la ng'ombe linakula mabua kando ya njia, hakuna mchungaji. Baadaye nilijua kwamba mchungaji alikuwa ametumwa kuazima viti vya wageni, wageni wa kuja kuniona mimi, na kwa shughuli hiyo ng'ombe wale siku hiyo walikuwa hawajanyweshwa. Mimi nilichojua ni kwamba moyo unadunda na ukweni ni pale kwenye ule mti. Nikasema moyoni, kwani nesi alisemaje? Nikavuta pumzi kwa pua. Nikafumba macho nusu. Nikapiga mluzi.

Hapo ndipo ningeweza kupiga wimbo wowote wa duniani, jamani. Wowote.

Nikatembea. Nyuma yangu nikasikia nyayo, nyingi, nzito nzito, nikadhani ni majirani nao wanakwenda kwenye shughuli, nikaona ni vizuri, nikasikia na mtu anakohoa kikohozi kibaya sana, nikamhurumia. Sikugeuka. Niliambiwa nisigeuke. Nikazidisha mluzi, maana ulikuwa unanifanyia kazi. Kufikia kona ya kwao moyo ulikuwa umetulia kabisa, mabega yameshuka, nimekuwa mwepesi, na nikaingia kwenye uwanja wa nyumba ya Mzee Nkuwi nikiwa na uso wa mtu asiye na shida duniani, na nyuma yangu, kwa mstari, ng'ombe kama thelathini.

Chini ya turubai kulikuwa na wageni wengi, shangazi zake Zaituni waliotoka mjini asubuhi ile, kina mama jikoni, wazee wachache mbele. Wote wakaniangalia, wakaangalia nyuma yangu, wakaniangalia tena. Kisha shangazi mmoja, mwembamba mrefu, akajishika kifua, akasema, "Haaa! Kijana kaja na mahari kabisa!" na akapiga kigelegele ambacho hadi leo nikikikumbuka nywele zinasimama.

Wakapokea wote. Jamani, mmewahi kupigiwa vigelegele? Mimi sikuwahi. Arobaini na kitu, nimeingia miji mingi, hakuna mji ulionipigia hata kofi. Kina mama wakatoka jikoni na miko mikononi wakicheza, mmoja akanivisha khanga mabegani, mzee mmoja akasimama kwa shida akasema, "Watu walisema huyu ni mchora mabango tu! Watu wana midomo!" Ndipo nikageuka. Nikaona pua thelathini. Ile ya mbele kabisa ilikuwa karibu kugusa mgongo wangu, ya yule mwenye madoa na pembe iliyopinda, naye ananiangalia kwa matumaini.

Hapo hapo ningesema. Ilihitaji maneno mawili tu: si wangu. Lakini nikavuta pumzi taratibu kwa pua kama nilivyofundishwa, nikaitoa, nikavuta nyingine, na wakati navuta ya tatu nikajikuta nimetabasamu na nimeinua mkono kuwapungia kama mgombea.

Mzee Omari akanifikia, uso umempauka. Akaninong'oneza sikioni huku anacheka na watu kwa meno ya mbele:

"Hawa umewatoa wapi?"

"Wamekuja wenyewe."

"Ng'ombe hawaji wenyewe, we mtu!"

"Mzee, hawa wamekuja."

"Una wazimu. Waambie!"

"Waambie wewe. Si ndiye mshenga?"

Akafungua mdomo, na shangazi mwembamba akamvamia kwa kigelegele kingine usoni. Juu ya hayo, ng'ombe walikuwa wameitwa kwenye maji, wamefika, na hawaoni maji. Yule wa madoa akanusa upepo. Upande wa jiko kulikuwa na mapipa na mabeseni, maji ya pilau, maji ya kunawa, sufuria kubwa la togwa limefunikwa kwa ungo, maji ambayo wanawake wa nyumba ile walikuwa wameyachota tangu alfajiri. Akanipita kama mlango. Wakafuata wote. Turubai likaenda na nguzo zake, vile viti vya kuazima vikalia, ungo ukaruka, na shangazi aliyekuwa akicheza na mwiko akajikuta amekumbatiana na ndama. Na mimi, nikiwa nimechanganyikiwa, nikafanya jambo la kipumbavu kuliko yote: moyo ulianza kudunda, nikapiga mluzi tena. Wakanywa kwa raha zaidi.

Mzee Nkuwi alikuwa ndani ya tembe yake na wazee wa ukoo, akisubiri kuitwa kwa heshima. Aliposikia kelele akatoka mwenyewe, fimbo mkononi, akasimama mlangoni. Akaangalia kundi zima, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayehesabu wanawe. Kisha akamwendea yule wa madoa aliyekuwa amezamisha kichwa kizima kwenye togwa, akamgusa pembe ile iliyopinda.

"Madoa," akamwuliza, "na wewe umekuja kuposa?"

Vigelegele vikakatika. Vilikatika kama redio iliyozimwa.

Mzee akanigeukia. Nikampa shikamoo. Akaniangalia. Akafikiri. Aliwaza muda mrefu kuliko siku zote nilizowahi kumsalimia.

"Marahaba," akasema. "Kwa hiyo umeniletea ng'ombe zangu."

Kutoka dirishani kwenye nyumba ya bati nikasikia sauti, mwanzo kama mtu anayekabwa, kisha ikapasuka. Alikuwa Zaituni. Anakamua ng'ombe wale kila siku, anawajua kwa majina, aliwaona tangu wanaingia na alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga muda wote huo. Alicheka hadi akakaa chini, nikasikia na kiti kimeanguka. Baada yake wakacheka kina mama, na wazee, na mwisho Mzee Omari, msaliti, akashika tumbo. Yule shangazi mwembamba tu ndiye hakucheka. Alinivua ile khanga mabegani, akaikung'uta, akaikunja.

Nikajieleza. Nikaeleza presha, nikaeleza nesi, nikaeleza mluzi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyolia machozi. Mzee Nkuwi alisikiliza yote, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ng'ombe kukufuata, nimeelewa. Mluzi wangu ni mzuri. Lakini walipokupigia vigelegele, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa napumua, mzee."

Hata yeye midomo ilimcheza. Akasema shughuli imekwisha kwa leo, maji hakuna, pilau hakuna. "Baada ya mavuno yajayo uje tena. Njoo na ng'ombe mmoja, hata mtamba mdogo, hata awe amekonda. Ila awe wako. Na uje ukiwa umekaa hapa mwaka mzima, nikuone."

Mtaona hayo hayakuwa maneno ya kunifukuza. Nami niliyaona hivyo. Jioni ile Zaituni alinisindikiza hadi mwanzo wa mashamba (kwa mbali, na binamu yake katikati), macho bado yamemvimba kwa kucheka.

"Thelathini wanakufuata tangu kule kwenye mabua," akasema, "hukugeuka hata mara moja?"

"Mzee Omari aliniambia nisigeuke."

"Hapana, Fundi. Usimsingizie mzee wa watu. Wewe hugeuki nyuma, ndivyo ulivyo." Akajifunga khanga upya. "Vigelegele vilikuwaje?"

"Vitamu."

Akacheka tena, ila safari hii alicheka kidogo tu.

Nilianza vizuri. Nikachora mabango mengi, nikaweka akiba ya mtamba. Lakini Mtinko nzima ilikuwa imepata burudani yake ya kupunguza mawazo, na burudani yenyewe ni mimi. Nikipita sokoni mtu ananipigia mluzi, vipande vitatu vya chini na kimoja cha juu. Nikiwa juu ya ngazi nachora, mtu anapita chini anapiga. Msikitini nikitoka, mzee mzima na msuli wake anapiga, halafu anajifanya anatafuta kandambili. Mwenye bucha akaniambia njoo umrekebishe yule ng'ombe wangu, siku hizi unawafahamu. Hata nesi, nilipokwenda kupima tena, alikuwa akijiuma midomo anasoma mashine. "Imeshuka," akasema. "Tiba imefanya kazi. Ila siku nyingine nitakuandikia kuimba."

Hawakuwa na ubaya. Nalijua hilo sasa, na naweza kusema ni watu walionipenda. Ugenini mtu asiyependwa hataniwi. Lakini wakati ule miguu ilianza kuwasha, nami naijua ikianza. Mtu akanipigia simu kutoka Kigoma, kuna kuta za shule ya kuchora ramani na herufi. Nikajiambia nitakwenda nifanye kazi ile, nirudi kabla ya mavuno na mtamba. Nikamwambia Zaituni hivyo. Hakubisha. Akaniambia, "Haya."

Msijifunze kwangu mambo makubwa. Tembeeni jioni, lowekeni miguu, pumueni, ni bure na vinasaidia, mimi kuwa hai hapa ni ushahidi. Ila mluzi, kabla hujaupiga, uliza ni wa nani. Na ukipigiwa vigelegele visivyo vyako, sema hapo hapo, kabla hujavuta pumzi ya pili. Mimi mluzi nimeacha; nikizidiwa na mawazo siku hizi naloweka miguu, basi.

Asubuhi niliyoondoka Mtinko, gari la kwenda mjini lilisimama mbele ya lile bango lenye alizeti niliyochora mara tatu. Nikapanda na begi na ndoo yangu ya brashi, nikakaa kiti cha katikati, uso mbele kama kawaida yangu. Zaituni alikuwa amefika na chupa zake za mafuta kuuza, au alijifanya anauza. Tuliagana kwa kichwa, maana watu walikuwa wanatutazama. Gari likaanza kuondoka.

Na hapo nikasikia mluzi. Vipande vitatu vya chini, kimoja juu, kinaning'inia. Kule mwanamke hapigi mluzi hadharani, na wa baba yake ndiyo kabisa, watu stendi nzima waligeuka wakaanza kushangilia. Mimi sikufikiri. Miguu yangu ilisimama yenyewe, nikajikuta nimesimama katikati ya gari, kichwa kimegonga paa, nimegeuka nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimegeuka nyuma nikiwa naondoka. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma, mkono kiunoni, anacheka, kisha hacheki, anashuka na ule mluzi taratibu kama maji yanayomiminwa.

"Baba, vipi?" kondakta akaniuliza. "Unashuka, au tunakwenda?"

Gari zima likanisubiri. Nikavuta pumzi, taratibu, kwa pua.

Nikakaa tena kitini, tukaenda.